Nilivua Kaniki ya Msiba Mlangoni mwa Hekalu

Shangazi Kandida, shikamoo. Jina langu usilitaje, mimi ni mjane wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, na tangu turudi kutoka Unguja situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nasahau nilikuwa naenda wapi, juzi nimepalilia mpunga wa jirani nikidhani ni wangu, basi naomba unisikilize kabla sijachanganyikiwa.

Mume wangu Venance alifariki baada ya zile mvua za El-nino, na kwetu mjane hufungwa kaniki nyeusi mwaka mzima na havui mwenyewe, huvuliwa na mawifi siku ya kumaliza msiba, na siku yangu ilishapangwa, mavuno yakiisha tu pombe ipikwe, nivuliwe, nirudi sokoni na vitumbua vyangu na nicheke bila kutazamwa. Sasa kina mama wa kwaya wakaandaa safari ya Unguja, na mama mkwe wangu, mama mwema jamani, akasema mwenyewe, "Nenda, mwanangu, umekonda mno," nikaenda na wifi yangu Apolonia, treni mpaka Dar, asubuhi yake boti, wenzangu wanaimba mimi natapika.

Shangazi, ile siku! Tulipelekwa shamba la viungo nikaona pilipili manga inavyopanda mti kama maharage, tukapelekwa kisiwa kidogo chenye kobe wakubwa, Apolonia akataka kumkalia mmoja akafokewa mbele ya Wazungu, na mchana kijana aliyekuwa anatutembeza akatufikisha kwenye hekalu la Wahindi, akatupanga mlangoni, viatu vibaki nje, mabega na magoti yafunikwe, mkanda na pochi za ngozi haziingii. Wenzangu wakajitanda kanga, mimi nikajiona nimesitirika kuliko wote, kumbe! Bibi wa mlangoni, mzee wa Kihindi mwenye Kiswahili kizuri kunizidi, akaigusa kaniki yangu taratibu akasema, "Pole sana, mwanangu, ila nguo ya msiba huku haiingii. Kaa na mimi hapa kivulini, nitakupa maji. Au kama unataka kuingia, jitande hii." Akavua mtandio wake wa manjano begani.

Hakunilazimisha mtu, Shangazi. Ningeweza kukaa pale nikanywa maji yangu. Lakini nilisikia kengele huko ndani, nikasikia harufu ya maua, na mkono wangu mwenyewe ukafungua fundo. Nikabaki na gauni, nikampa Apolonia kaniki aishike, nikajitanda ule mtandio nikaingia, na Mungu anisamehe, mwili ulikuwa mwepesi, nikapumua, nikajikuta natabasamu. Tulipotoka sikutaka kuifunga tena, nilifunga kwa sababu wifi alinikazia macho.

Hata sijui nani kasema, tumeshuka stesheni habari imeshafika. Ukoo wanadai mjane aliyejivua mwenyewe amemkataa marehemu, kwa hiyo nianze mwaka upya, au nitoke kwenye nyumba niache watoto. Apolonia ananipenda, akanivuta jikoni akaniambia, "We sema wale Wahindi walikuvua kwa nguvu, mimi nitashuhudia. Ukilazimishwa huna kosa, utavuliwa baada ya mavuno kama kawaida." Mama mkwe ameniita Jumapili baada ya misa nimweleze kwa kinywa changu. Nikisema kweli, ni kaniki mwaka mwingine, na Shangazi, siuwezi, nitatoroka. Nikidanganya niko huru. Nidanganye?

Mjane, Viwanja Sitini

*

Wewe mwanamke, hebu kaa chini kwanza, na mpunga wa jirani uuache.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La wifi yako umeniandikia waziwazi bila kumuuliza, la marehemu hivyo hivyo, nimeyabadilisha mimi. Ndivyo ulivyo: wewe kivulini, wenzako juani. Na sasa unataka kumweka juani hata yule bibi wa hekaluni.

Pole kwa msiba, na nakuonea huruma, sikufichi. Kuvaa ulivyoelekezwa kwenye nyumba ya ibada ya watu ni heshima. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Lakini usijifiche nyuma ya heshima, mama. Ulipewa kivuli, ukapewa na maji, ukaingia kwa sababu ulitaka kuingia. Na kupumua ulipumua. Mjane akipumua hajamkana mumewe, mwenye kusema hivyo mwache aseme.

Ila huo uongo, hapana! Mtu amevua nguo begani mwake akakusitiri, leo umwite mnyang'anyi? Na Wahindi wenye maduka hapo Ifakara watatazamwaje na ukoo wenu? Njia ya mwongo ni fupi. Apolonia anakupenda leo, siku mtakayogombea sufuria atayatoa yote hadharani, na hapo ndipo utatolewa kwenye nyumba kweli.

Usingoje Jumapili, maana hapo utakuta ukoo mzima umejaa. Nenda kesho asubuhi, kabla mama mkwe hajatoka kwenda shambani, peke yako, umefunga kaniki yako. Piga magoti, mwamkie, sema: "Mama, nilivua mwenyewe, hakunishika mtu, na nilijisikia vizuri." Usiongeze "lakini". Ukoo wakidai mwaka mpya, wajibu kwa adabu kwamba utamaliza huu uliouanza mpaka mavuno, zaidi ya hapo hapana. Wakigusa watoto, siku hiyo hiyo uwe kwa mwenyekiti wa mtaa, na paroko naye ajue. Watoto hawachukuliwi kwa sababu ya kitambaa. Na kutoroka usikutaje tena, utamwachia nani hao watoto?

Na ukiwa hapo chini umepiga magoti, inua uso umtazame huyo mama. Wewe umefiwa na mume, unavaa kaniki, na siku ya kuivua imeshapangwa. Yeye amezika mtoto aliyemzaa, na hakuna wifi wala ukoo utakaokuja siku yoyote kumwambia, basi mama, imetosha, vua. Mtu kama huyo humpelekei uongo.