Upande wa Pili wa Kaseti ya Mama

Mafinga,
Jumatano, wateja wa mchana wameshaondoka

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo.

Nimeipa shikamoo yako mstari wake peke yake, isije ikabanwa na maneno mengine ukasema mdogo wako amekutupia salamu kama maganda ya chungwa. Itikia kwanza, ndipo uendelee.

Goti la kushoto linasemaje? Zuhura aliniambia kwamba siku hizi unasali umekaa kwenye kiti. Kaa tu, dada, Mungu anakujua tangu ulipokuwa unaruka ukuta wa madrasa. Na kisima, maji yamerudi kuwa matamu au bado yana chumvi? Mimi sijambo. Baridi ya huku ndiyo ileile, inaingia bila hodi. Nalala na kofia mbili na soksi za mpira wa miguu, na asubuhi nikisimama mlangoni pa mgahawa natoa moshi mdomoni kama treni. Wateja wangu ni walewale madereva wa malori ya mbao. Ubaoni nimeandika "wali wa nazi", nazi zikichelewa kupanda kutoka huko pwani natia maziwa ya ng'ombe, nao wanasifu. Usimwambie mtu.

Barua hii isome peke yako. Kama Zuhura ndiye anayekusomea kwa sababu ya miwani, basi: Zuhura, marahaba mpwa wangu, mpe mama yako barua yake, kisha tafuta miwani. Angalia kichwani kwake kwanza.

Simu nimeikwepa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili nikikatizwa mara moja silimalizi.

Unaikumbuka kaseti ile mama aliyoniletea Maskati? Wewe ndiye uliyeshika redio ukabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, maana nakusikia mwanzoni kabisa, "Sema, mama, inazunguka," na mama anakujibu, "Inazunguka inakwenda wapi?" Miaka ile ndiyo ilikuwa barua ya wasiojua kuandika, mtu akisafiri anabebeshwa kaseti za mtaa mzima. Upande wa kwanza ni salamu. Anamtaja kila jirani, mzima na mgonjwa, anamtaja mbuzi aliyezaa pacha, anasema Mbegani wamevua mpaka samaki wakawa wanagawiwa bure. Nyuma yake kuna mtu anakuna nazi, na jogoo asiyejua saa. Mwishoni anavuta pumzi, anasema: "Haya Shomari, salamu zimekwisha. Geuza kaseti, nianze kukusema."

Dada, sikugeuza.

Nilikuwa kijana, nina saa ya dhahabu ya uongo na marafiki wa namna hiyohiyo. Nikaona khutba yenyewe naijua: sala, ulevi, barua nisizoandika, na yule binti wa Mlingotini niliyemwacha na maneno mdomoni. Nikasema nitageuza Ijumaa. Ijumaa ikapita, nikaipa ahadi Ijumaa nyingine. Kisha ikaja ile simu ya maandishi kwamba mama hatunaye. Baada ya hapo ndipo nikashindwa kabisa. Niliwaza hivi, na ucheke ukitaka: maadam sijageuza, mama bado ana neno na mimi. Akimaliza kusema, basi amemaliza. Nikaibeba hivyo kutoka Maskati mpaka bandarini Dar es Salaam, na kutoka bandarini mpaka huku milimani, upande wa kwanza nimeusikiliza mpaka umepauka, upande wa pili bikira.

Sasa, mwaka huu redio ya mgahawa ilikufa. Hapa stendi kuna fundi anaitwa Sanga, mtu mzima mwenye mvi mbili anazojivunia. Akaniambia, "Mzee Shomari, achana na redio. Nikufungie kompyuta ya muziki."

"Kompyuta nitaiweka wapi, ndani ya sufuria?"

Akanionyesha. Ni kibao cha kijani, kadiri ya pakiti ya sigara, kimekaa uchi, nyaya nje nje, hakina kioo wala vitufe. Unakiunga na spika, unashika rimoti, kinaimba. Lakini kichwa chake kitupu, dada. Kila kinachokijua, hata namna ya kuamka asubuhi, kimeandikwa kwenye kadi ya memori unayoichomeka ubavuni, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ichomoe hiyo, hakijui hata jina lake.

"Kadi kanunue dukani," Sanga akasema, "kwa mtu mwenye mlango na risiti. Usitazame ukubwa, tazama uaminifu."

Nikamwona ananipa mawaidha ya ndoa. Nikaenda kwa mmachinga wa stendi aliyezimwaga kwenye sinia kama punje za mahindi, nikachagua iliyoandikwa namba kubwa kuliko zote, pakiti yake nyekundu inang'aa. Nikamuuliza, "Nzima hii?" Akaapa kwa mama yake. Pale ndipo ningepaswa kuondoka, maana mtu anayemtoa mama yake kwa ajili ya kadi atakutoa na wewe.

Sanga akaijaza nyimbo za madereva, akaongeza mawaidha na kasida za Ijumaa, na mwisho kabisa nikampelekea kaseti. Nikamwambia, "Ihamishe yote, pande mbili. Ila upande wa pili usiusikilize. Ni mambo ya nyumbani."

"Nisiposikiliza nitajuaje kama umeingia?"

"Utajua kwa kuamini."

Akacheka, akafunga sauti, akaiacha kaseti izunguke kimya, ikijiandika moja kwa moja kwenye kadi, huku sisi tunakunywa chai. Mama alisema yote aliyokuwa nayo pale, dada, mbele ya watu wazima wawili, na hakuna aliyemsikia.

Kwa kuwa niliona yumo kwenye kompyuta, kaseti yenyewe nikaitupia kwenye rafu juu ya jiko la mkaa. Haikumaliza wiki, ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Wala sikujali. Nilijiona msomi, mimi wa darasa la nne.

Jumamosi iliyopita mvua ilishika tangu asubuhi, mgahawa mtupu. Nikakaa nikihesabu miaka, nikagundua kwamba mama nimeshampita. Umri aliofia yeye mimi niliuacha nyuma zamani. Nikajiambia, mzee mzima, unamwogopa mtu mdogo kuliko wewe? Nikafunga mlango. Nikavaa kanzu, ile safi. Nikaweka upande wa kwanza, nikamsikiliza na jogoo wake mpaka aliponiambia nigeuze. Nikasema, "Nageuza, mama." Nikabonyeza rimoti.

Kimya. Nikaongeza sauti, spika ikavuma kama kombe la baharini ukilitia sikioni. Nikasubiri. Nilidhani anavuta pumzi, si unajua alivyokuwa, akitaka kukusema anakuacha kwanza uive. Nilisubiri mpaka mvua ikakatika.

Sanga alipofika, cha kwanza aliniuliza mashine naizimaje.

"Nachomoa waya ukutani."

"Kila siku?"

"Kwani wewe ukizima kibatari unakiaga?"

Akanisema, nami nilistahili. Kumbe kile kidude hata kikinyamaza kinaandika mambo yake kwenye kadi. Ukikikatia umeme ghafla ni kama kumpokonya mtu kalamu katikati ya neno; siku moja kadi nzima inavurugika. Unakiamuru kizime kwa rimoti, unangoja taa yake itulie, ndipo uchomoe. Lakini ugonjwa wa safari hii haukuwa huo. Aliitia kadi kwenye kompyuta yake kubwa, akaipima, akaichomoa.

"Mzee, hii imeandikwa gunia, ndani ni debe."

Sisi tungesema ndani ni kibaba. Ni kadi ya uongo, imepakwa jina kubwa. Ukiimiminia inasema nimepokea, nimepokea, na kweli debe la kwanza inalipokea. Linalozidi inalimwaga bila kukwambia. Upande wa kwanza uliwahi, ukaingia wa mwisho mlangoni. Upande wa pili haukuandikwa popote. Nikamwambia aurudishe. Akasema hakuna cha kurudisha, kwani haukufutwa, haukuwahi kuwepo. Nikamtolea ile kaseti. Aliigeuzageuza mkononi, akanipa pole kama mtu aliyekuja matangani.

Safari hii nimemtii. Kadi tumenunua dukani, ya wastani, na kabla ya kuiamini Sanga aliijaza mpaka ukingoni kisha akaisoma yote tena kuona kama inarudisha ilichopewa. Ndivyo kadi inavyoposwa, anasema. Akili ya mashine ameiweka kwenye kadi yake peke yake, na mama amemweka kwenye flashi mbali na nyimbo, kadi ikipata wazimu isimguse. Na nakala nyingine lazima ikae nyumba nyingine kabisa, maana moto na mwizi hawachagui. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye bahasha hii, kwenye kadi nyingine iliyopimwa vilevile, ndani ya kikasha cha plastiki nilichokibandika kwa gundi ya karatasi.

Sikiliza, dada, maana nakujua. Usiifunge kwenye pindo la kanga. Itaingia kwenye beseni la kufulia pamoja na hela ya samaki. Usiifukize udi. Usiiweke dirishani, chumvi ya huko inakula bawaba za chuma, seuze vijimeno vya kadi. Na hivyo vijimeno usivishike, hata ukiwa umenawa. Zuhura aichomeke kwenye simu yake, utamsikia mama, na utajisikia wewe mwenyewe unacheka, msichana mwenye meno yote.

Sasa neno lenyewe.

Kila nilipokuja nyumbani uliniuliza, "Mama ulimsikia?" Nami nikakujibu, "Nilimsikia, dada, nikakoma." Uongo. Na ile arobaini ya mumeo, watu wameshatawanyika, tumekaa barazani, ukaniambia kwa upole usio wako, "Shomari, na lile la mama utalifanya lini?" Nikasema, "Inshallah."

Dada, sijui lile la mama ni lipi. Kuna jambo aliniomba, nimetembea nalo mfukoni tangu ujanani, na sijui ni jambo gani. Nikikaa hapa jioni, ukungu umefunika misonobari mpaka siuoni mlango wa jirani, nasikia jogoo yule na nazi inakunwa, na ninajua watu wote waliomo kwenye kaseti ile wamekwisha isipokuwa aliyeshika redio.

Basi nakuomba. Mwambie Zuhura afungue simu irekodi, sauti yako aiandike kwenye kadi hii hii, nafasi ipo na ni nafasi ya kweli. Unisemee kama mama alivyosema. Usipunguze ukali, usinirembee. Asiyarushe kwenye magrupu ya ukoo. Simu yangu ni ya tochi na sitaki kusemwa mbele ya watu mia. Ukimaliza, airudishe kadi kwenye kibebeo chake kikubwa nilichokiweka humo kikashani, kile inamopachikwa, kina kidude pembeni, akisukume chini ili mtu asije akafuta kwa bahati mbaya. Halafu mpe shemeji Athumani arudi nayo Msata kwenye kibanda chake cha machungwa. Dereva aliyeleta barua hii anapeleka mbao Tanga, akirudi ataipitia.

Na kama kuna mahali umesahau, usitunge. Nyamaza tu, nitajua ni pa kusahau.

Nakwambia hivi kwa sababu najijua. Moyo wangu umeshajitungia wenyewe: unasema mama aliniomba nirudi nyumbani. Kama ni hilo, niambie tu, nitamwachia mtu masufuria nishuke, hata kukaa barazani kwako nikikuudhi. Lakini kama hakulisema, dada yangu, usilitie kwa kunihurumia. Kama aliniambia nikamwombe radhi yule wa Mlingotini, sema hilo. Kama alitaka tu nimtafute mwashi wa kulijengea kaburi la baba, sema hilo. Nitalibeba lililo lake.

Nisalimie Zuhura, mwalimu wetu, mwambie mjomba wake ameandika barua nzima na nukta zake. Nisalimie shemeji Athumani, asikatie chungwa barua yangu. Nisalimie binamu yangu wa Makurunge, mwambie nimeota amekufa nikala pilau yake ikawa haina chumvi. Wote walio barazani kwako uwape mkono wangu, mmoja mmoja, wala usiwakusanye.

Nasubiri lori.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado hajasemwa,

Shomari