Shati la Maua na Kilichokuwa Chini Yake

International City, Dubai
Jumamosi asubuhi

Mama Wakesho mpenzi,

Hujambo wewe, na hapo nyumbani hamjambo wote? Kikohozi cha Wakesho kimekwisha, au ukungu wa Wundanyi umekirudisha? Na mama, goti lake linamruhusu kupanda hadi kanisani, au bado anasalia kitandani na kuwalaumu nyinyi mliokwenda? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, natembea sana. Ukiona mwandiko umepinda usidhani naumwa. Nimeandika nikisimama, nikikaa, nikitoka hadi kwenye ngazi na kurudi. Siku hizi sijui kutulia.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Righa, tunayesali naye huku, ambaye amepata likizo. Ningeweza kukupigia, lakini kadi ya simu huisha mtu akiwa katikati ya maneno, na haya si maneno ya kukatiwa katikati. Righa hajui yote yaliyomo. Mpe chai, aende zake, ndipo uifungue.

Nimekudanganya, Mkawasi. Sikukudanganya kwa kusema, nimekudanganya kwa kunyamaza. Nilikuambia nimeacha kazi ya kulinda mlango wa duka na nimekuwa dereva wa tajiri mmoja muuza vito. Hiyo ni kweli. Ambacho sikukuambia ni kwamba kwa miezi minne nilikuwa nikimwendesha huku nimebeba bastola kiunoni, chini ya shati.

Najua hapo umeiweka barua mezani. Ishike tena, tafadhali.

Sijasahau niliyokuahidi. Sijasahau ile asubuhi sufuria ilipoanguka jikoni na wewe ukanikuta nimesimama mbele ya mtoto, mkono uko kiunoni, jasho linanitoka, wala hakukuwa na kitu chochote pale isipokuwa uji uliomwagika. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Baba Wakesho, kazi hii imekuingia mpaka ndani. Itoke au mimi nitoke." Nikaacha upolisi. Nikakuahidi sitabeba chuma tena maisha yangu. Na niliposema vile nilimaanisha.

Sasa sikia ilivyokuwa. Huyu arbab, ndivyo huku wanavyomwita mwajiri, alinichukua kwa sababu alisikia nilikuwa polisi kwetu. Miezi miwili ya kwanza nilimwendesha tu, nyumbani kwake, dukani, kwa wateja. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango, akatoa kwenye droo kitu kilichofungwa kwa taulo dogo. Kabla hajakifungua nilishajua ni nini kwa namna kilivyogonga meza.

Akaniambia yeye na ndugu yake wamegombania biashara aliyoiacha baba yao. Akasema ndugu yake amesema mbele ya watu kwamba atamwondoa. "Kuondoa ni neno gani hilo?" akaniuliza. "Wewe polisi, unajua maana yake."

Nikamwambia, "Sir, nchi hii haina mchezo na silaha. Mimi ni mgeni."

"Kibali ninacho," akasema. Akanipa karatasi ya Kiarabu iliyotiwa plastiki, ina muhuri na picha yake. "Ukiulizwa, onyesha hii. Khalas, basi. Na sitaki sare wala koti. Nataka uonekane kama mtu aliyetoka matembezini."

Kesho yake akaninunulia mashati matatu, mepesi, mapana, yenye maua makubwa kama pazia la hoteli. Ile picha niliyokutumia nikiwa na shati la maua mekundu, mkaicheka, mkasema nimekuwa tajiri wa Mombasa, basi siku ile nilikuwa na bastola. Ukiitazama vizuri utaona mkono wa kulia nimeubana.

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Ningependa kusema ni kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa kwake. Lakini nimeamua barua hii isiwe na uongo hata mmoja. Nilipoikamata ile bastola, Mkawasi, nilijisikia mtu tena. Miaka miwili nilikuwa nafungua mlango na watu wananipita kama wanavyopita nguzo. Siku ile mtu aliniangalia usoni na kusema ananihitaji. Mkono uliishika kama haujawahi kuiacha. Hilo ndilo lililopaswa kunitisha, na halikunitisha.

Raha yenyewe haikufika wiki. Joto la hapa unalijua kwa kuambiwa tu. Mtu anatembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni na shati limegandamana na mgongo. Nami nilikuwa na chuma kinachochemka juu ya ngozi. Pale kiunoni palichubuka, pakapona, pakachubuka tena. Nikajifunza kukaa upande upande, kutembea bila kupunga mkono, kutoinua mikono juu ya mabega. Dukani mama mmoja mzee aliniomba nimtolee kopo la maziwa kwenye rafu ya juu. Nikamwambia bega linauma. Akanitazama mimi, mwanamume mrefu hivi, akaenda kutafuta kiti.

Na kwa kuwa arbab alikataa niiache chumbani, kule tulikolala watu wanane, nilikwenda nayo hata kanisani. Ndiyo, kanisani. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, baada ya ibada watu wetu hukumbatiana, wewe unawajua. Mimi nikawa natoa mkono kutoka mbali. Wakaanza kusema Mghanga amepanda cheo, sasa hashiki watu. Righa alinijia akaniuliza kama amenikosea.

Nikimwona askari wa barabarani moyo unaruka. Na mimi nilikuwa askari. Ndimi niliyekuwa nikitazama viuno vya watu. Sasa nilikuwa kila saa nashusha shati, nashusha shati, mpaka pindo likalegea.

Aliyenitambua ni mpishi wa nyumba ile, mama wa Kizanzibari anayeitwa Bi Zuwena. Ameishi Dubai tangu ujana wake, amezaa na kuzeeka hapa, Kiarabu anakisoma na kukiandika. Alinipenda kwa sababu ya Kiswahili tu, akawa ananiwekea chakula. Siku moja gunia la vitunguu lilichanika jikoni, vikatapakaa sakafuni. Nikachutama kumsaidia kuokota, mgongo wima.

"Mbona wachutama kama mwenye jipu?" akaniuliza.

"Mgongo, Bi Zuwena."

"Mgongo hauna pembe, mwanangu." Akaendelea kuokota vitunguu bila kunitazama. "Anakupa nini huyu bwana ukibebe?"

Nikamtolea ile karatasi ili nimtulize. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaisoma yote, akairudia. Kisha akavua miwani.

"Nani kakwambia hiki ni kibali cha silaha?"

"Sir mwenyewe."

"Hii leseni ya duka. Duka la mapazia. Tena muda wake umekwisha."

Nilikaa chini palepale kwenye vitunguu. Miezi minne nilipita mbele ya polisi nikijiambia karatasi ninayo, karatasi ninayo, kumbe nilikuwa na ruhusa ya kuuza mapazia. Bi Zuwena akasema polepole, "Ukikamatwa nacho, huyu atakula kiapo kwamba hakujui. Utaozea ndani, na mkeo hataambiwa hata jela gani. Mrudishie leo."

Nilikusudia kumrudishia saa ileile. Lakini arbab alitoka na funguo mkononi. "Yalla, yalla, tunakwenda dukani." Nikasema moyoni nitamwambia tukifika.

Tulipofika kwenye maegesho nyuma ya duka nilimfungulia mlango, akashuka. Hapo nikasikia mtu anaita jina lake. Alikuwa anakuja mbio kati ya magari, mkono mmoja umo ndani ya mfuko mkubwa wa karatasi. Nilimjua kutoka kwenye picha aliyonionyesha arbab. Ni yule ndugu yake.

Sikufikiri kitu, Mkawasi. Nataka ujue hivyo. Nilimsukuma arbab nyuma yangu, shati likapanda, mkono ukafika. Haikutoka yote, lakini ilitoka ya kutosha, na kidole kilikuwa mahali kisipotakiwa kuwa. Yule bwana akaiona. Akasimama kama aliyegonga ukuta. Polepole akautoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika picha za eksirei.

"Ni mama," akamwambia ndugu yake. Alisema kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nielewe nisimuue. "Amelazwa tangu alfajiri. Nimekupigia simu, hushiki." Kisha akanitazama kiunoni. "Huyu umemweka kwa ajili yangu?"

Arbab akasema, "Ni dereva tu."

Niliwapeleka hospitali wote wawili. Kwenye kioo niliwaona wamekaa kiti cha nyuma, kila mmoja anatazama nje upande wake, zile eksirei katikati yao. Nikawatazama wao mpaka nikapita taa nyekundu bila kuiona.

Alasiri, nilipomrudisha arbab nyumbani, madam, mkewe, alikuwa mezani na chai. Mama huyu hakujua lolote. Niliitoa risasi, nikaiweka bastola juu ya kitambaa cha meza, mbele yake, na ile leseni ya mapazia pembeni.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Muulize sir, madam."

Arbab akaniambia, "Ondoa hiyo mezani."

"Sitaigusa tena, sir."

"Pasipoti yako ninayo mimi. Nitakurudisha kwenu."

"Nirudishe."

Madam aliinuka, akaenda kufunga mlango wa chumba walimokuwa wanacheza watoto wake, akarudi, akasimama akimtazama mumewe. Nikatoka. Kuanzia hapo sijui waliongea nini, wala sijui ile bastola imekwenda wapi, na jambo hilo pia linaninyima usingizi. Kesho yake Bi Zuwena aliniletea pasipoti hadi mlangoni, viza imefutwa, pamoja na mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa. "Madam ndiye kaitoa," akasema. "Nenda, wala usipite tena mtaa huu."

Righa amenipa godoro hapa kwake, ndiyo maana anwani imebadilika. Hoteli moja ya Al Mankhool imekubali kuniajiri kwenye chumba cha kufulia, kufua na kukunja mashuka. Wanasema karatasi zitatoka, inshallah. Siku nilizopewa kukaa bila viza zinakwenda na karatasi hazijatoka. Nazunguka majengo haya, yote yanafanana, mara mbili nimepotea na kubisha mlango wa Wachina. Kwenye basi mtu akinigusa ubavuni mkono unashuka wenyewe kushusha shati, na hakuna cha kufunika.

Ningeishia hapa, lakini juzi yule ndugu wa arbab alikuja. Sijui nani alimwelekeza. Alinikuta mkahawani hapo chini, akavuta kiti, akaagiza chai mbili. Akaniambia mama yao amefariki, na kwamba yeye na ndugu yake waliingia kaburini pamoja kumlaza. Kumwondoa, akasema, alimaanisha kumwondoa kwenye kampuni, kwa mahakama. Nikampa pole. Akakoroga chai yake muda mrefu ingawa sukari ilishayeyuka.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Ungepiga?"

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa hapa mdomoni.

"Sijui, sir," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Ungesema hapana nisingekuamini." Akamaliza chai, akanipa mkono, akaenda.

Tangu juzi ndilo swali ninalotembea nalo. Yeye ananijua kwa dakika moja ya maegesho. Wewe unanijua miaka tisa, umeniona kabla ya kazi ile na baada yake. Nikiuliza moyo wangu napata jibu moja asubuhi na jingine jioni.

Sikuombi unisamehe kwa sababu nimesema ukweli. Ukweli nimeusema nikiwa nimechelewa. Righa anarudi baada ya mwezi mmoja. Mpe barua, hata ya mstari mmoja. Uniambie kama unanitaka nyumbani nikiwa hivi nilivyo, au nibaki huku nikikunja mashuka mpaka mkono huu usahau ulichojifunza. Lolote utakaloandika nitalifuata. Usimuulize mama yangu wala kaka yako. Amua wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayelala ubavuni mwangu.

Nisalimie mama, mwambie asilazimishe goti. Msalimie kaka yako mkubwa, na yule shangazi anayetulindia shamba la mboga, na mama mchungaji aliyekuwa anatuombea nilipoondoka. Kwake usiseme kitu. Wakesho mwambie baba amepotea kwenye majengo ya Wachina mara mbili, atacheka.

Ni mimi mumeo, niliyekuahidi nikavunja,

Mghanga, Baba Wakesho