Shangazi, Sheria Imepita

Nyumba ya 27, Barabara ya Cottonwood,
Harlan Wells.
9 Mei

Mpendwa Shangazi Lorraine,

Pokea salamu nyingi za heshima kutoka kwetu. Goti lako limekubali kupanda ngazi, au ungali unalala sebuleni? Na theluji ya huko Maine imekwisha kweli, au inawadanganya tu? Sisi hatujambo. Maribeth ana nguvu tele, na mimi nina mafua kidogo ya huu upepo wetu. Duane alipiga simu Jumapili kutoka ng'ambo. Ni mzima, ila analalamika kwamba mpishi wa kikosi chao anajua kupika maharage tu.

Shangazi, sheria imepita! Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Unakumbuka Oktoba ile nilivyokupigia nikilia, tulipohamishiwa hapa. Kila jeshi linapomhamisha Duane, Maribeth hupoteza nafasi yake. Jimbo la kwanza alikaa kwenye foleni ya tiba ya usemi mpaka ikakaribia zamu yake, tukahamishwa. La pili vivyo hivyo. Hapa nako tukaambiwa tuanzie mkiani. Mtoto wa miaka minane, ana usonji, na baba yake yuko mbali akilitumikia taifa hili hili. Ukaniambia, "Machozi ya jikoni hayamwamshi mtu, Colleen. Nenda ukalie mbele ya wanaotunga sheria." Nilikununia wiki nzima. Leo nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Nilianza na jirani yangu, Ofelia Barrientos. Mumewe Rubén naye alikuwa mwanajeshi, na mtoto wao Nico ana hali kama ya Maribeth. Tulipita nyumba za kambini tukigonga milango. Wengine walituogopa, wakidhani tutawaharibia waume zao kazi. Mke wa ofisa mmoja alitufungia mlango usoni, kisha kesho yake akaja mwenyewe na biskuti za moto na majina ya akina mama wengine. Mwishowe mbunge wetu wa jimbo akakubali kupeleka mswada: mtoto wa mwanajeshi akihamia hapa, muda aliosubiri kwingine uhesabiwe.

Siku ya kikao cha kamati ya bunge, binti anayeniangalizia Maribeth akaugua, nikalazimika kwenda na mwanangu. Nilipewa dakika mbili. Hotuba nilikuwa nimeikariri nikiosha vyombo, lakini kufika kwenye kipaza sauti, yote ikaruka. Nikataja jina langu, nikataja la mwanangu, nikanyamaza. Muda ukayoyoma.

Mwenyekiti, mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe, akakohoa. "Asante, mama. Muda wako umekwisha."

Maribeth alikuwa amekaa miguuni pangu na kishikwambi chake, kile ambacho akigusa picha kinamtamkia neno. Akagusa. Sauti ikatoka kubwa, ukumbi mzima ukasikia: "Bado."

Watu wakaangua kicheko. "Nani huyo?" mwenyekiti akauliza.

"Ni binti yangu, mheshimiwa."

"Bado. Bado."

"Haya, huyu mimi simuwezi," mzee akasema huku akivua miwani. "Nina mjukuu wa aina hiyo nyumbani, nikibishana naye nalala njaa. Endelea, mama."

Mbunge mmoja mwanamke akaniuliza, "Lakini watoto wa hapa nao wanasubiri. Kwa nini wako awapite?"

Swali lilikuwa la haki, Shangazi, na ndilo lililonirudishia ulimi. Nikamwambia, "Sitaki ampite mtu. Nataka asirudishwe nyuma. Amesubiri kama wao, ila yeye amesubiri huku vitu vyetu viko kwenye lori la kuhamia." Mengine niliyosema siyakumbuki. Ofelia anasema nilipiga meza. Yule mbunge aliunga mkono mswada, na baadaye koridoni akanishika mkono.

Lakini furaha yangu ina doa. Dakika za mwisho, kabla ya kuupitisha, wabunge wakauwekea mswada maneno kwamba mzazi awe angali kazini. Rubén alistaafishwa wakati wa baridi baada ya kuumia mgongo, kwa hiyo Nico ameachwa nje. Nilikwenda kwa Ofelia nisijue nianzie wapi. Nikamkuta anafunga tamale, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, kwenye maganda ya mahindi.

"Usinitazame kama umekuja msibani," akasema. "Vuta kiti ule. Leo tunamshangilia wako. Wangu tunaanza naye kesho."

Nilikula huku machozi yananitoka. Bunge likikutana tena Januari nitarudi pale, na nikipewa dakika mbili, zote zitakuwa za Nico. Rubén ametaka kuja mwenyewe, ingawa mgongo haumruhusu kuketi muda mrefu. Atasimama.

Maribeth ameshaanza tiba. Mtaalamu wake ni kijana mpole, anakaa naye sakafuni. Duane alipopiga simu Jumapili, Maribeth alichukua kishikwambi chake na kwa mara ya kwanza akagusa picha tatu mfululizo: "Baba. Nyumbani. Lini?" Nikasikia Duane akivuta pumzi. "Novemba, malkia wangu," akamjibu. Tangu siku hiyo Maribeth anamwuliza "Lini?" kila anayepita mlangoni, hata aletaye barua.

Nisalimie Mzee Emmett, binamu Trudy na watoto wake wote, na mwambie Trudy picha za harusi zimefika. Mungu akuzidishie siku njema, na akulipe kwa yale maneno makali uliyonipa nilipoyahitaji.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Colleen