Saa ya baba niliyoifungia gizani

Margareta, nimejiaibisha.

Leo tumegawa vitu vya marehemu baba. Kufungua sanduku, saa yake imesimama. Nikasema kaka Eustaki kaiba mashine ya ndani. Mbele ya ukoo mzima nimesema.

Eustaki kainuka. Kawasha pikipiki, karudi kwake Mngeta bila kula.

Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia imekaa sandukuni tangu msiba, miezi minane. Hata hakuifungua. Kaiweka juani, baadaye ikaanza kutembea. Eti, "Dada, hii inajichaji kwa mwanga unaopenya usoni mwake. Umeifungia gizani miezi minane, chaji imeisha."

Miezi minane. Na ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mimi.

Nimempigia Eustaki mara sita, hapokei. Halafu unajua baba mdogo alishatamka saa apewe nani?

Eustaki.