Mlio Nilioficha Miaka Yote

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba kwa shikamoo yako. Huku Ujiji hatujambo, na mguu wa bibi yako umepona.

Unauliza kama ni aibu kumwambia mtu kwamba masikio yako yanalia tangu uanze kupiga muziki kwenye harusi. Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa kwenye bendi Kigoma mjini, nikisimama kando ya spika kubwa. Asubuhi moja niliamka nikasikia kama nyenje wamejaa chumbani. Niliogopa kuitwa mwehu, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka uzeeni, na mlio ukawa unazidi, ukifunika maneno ya watu.

Mwaka huu mlio ulinishinda, nikamweleza bibi yako.

"Baba Asha," akasema, "miaka yote hii nilidhani umechoka kunisikiliza."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alisema mlio hautaondoka, lakini si wazimu, na usikivu uliobaki unaweza kulindwa. Nilitoka pale mwepesi.

Kwa hiyo sema, mjukuu wangu, na uzibe masikio kazini. Mlio wangu bado upo hata ninapoandika, ila sasa bibi yako hukaa upande wangu wa kulia, ninakosikia vizuri, na mazungumzo yetu hayaishi.

Babu yako,
Ramadhani