Jina la Bibokoboko Kwenye Chupa

Mdogo wangu Nyota,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto, hapo Baraka mlipopewa chumba baada ya kukimbia vita. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Siku hizi hata kufunga viatu ni kazi.

Uliuliza kwa nini nimenyamaza. Ngoja nikueleze polepole. Unajua kwamba nafanya kazi kwenye shamba la mizabibu huku Afrika Kusini, na divai hutengenezwa hapahapa. Sasa wenye shamba wanabadilisha etiketi, zile karatasi za kwenye chupa. Zamani ziliandikwa jina la ukoo wao tu, kwa herufi za dhahabu. Leo wanunuzi wanataka kujua zabibu zimeota mlima gani, udongo gani. Basi kila mteremko unatafutiwa jina, maana miaka yote miteremko ilikuwa na namba tu.

Namba kwao, lakini. Sisi watu wa Fizi tulishaipa majina ya kwetu Kongo. Ule wa karibu na bwawa tunauita Nundu. Ule wa mbali, wenye vumbi jekundu, Lulimba. Na ule wa juu, wenye ukungu, ambako ng'ombe wa jirani hulia asubuhi, niliuita mimi mwenyewe Bibokoboko, jina la mlima wenu, kwa ajili yako.

Mama anayeshughulikia etiketi alitusikia, jina likampendeza. Akaja kuniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mzee kati yetu: linaandikwaje, na je, naruhusu?

Etabo, mwenzangu aliyetoka Nundu ya kwetu, akadakia: «Mukubwa, sema ndiyo! Bazungu banataka kuandika jina ya kwetu, na we unajivuta?»

Nikamweleza yule mama kwamba karatasi ile inataja mahali tunda lilikoota. Bibokoboko ni mahali. Kuna wenyewe, na baadhi yao leo wanalala kwenye mikeka ya kuazima. Hakubisha. Akalikata kwa kalamu kwenye orodha yake.

Etabo alibisha. «Baalimu munazoea kusahihisha batu tu! Nani atatukumbuka huku? Hata chupa umetunyima.» Tangu hapo anakula peke yake, mwisho wa mstari wa mizabibu. Simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akinichekesha, na sasa siku ni ndefu. Jioni sina nguvu hata ya kushika simu.

Lakini mlima ule wa kwetu una maharage uliyoyaacha bila kuvuna, na kaburi la mume wako. Ningewezaje kuubandika kwenye chupa ya watu wasiokujua? Nataka jina libaki kule juu, ulikute siku utakayopanda.

Nisalimie shangazi, mchungaji wenu, na shemeji yetu mvuvi. Mwambie nakumbuka ndakala zake, wale dagaa wa ziwani kwetu. Ukimwona mama yake Etabo sokoni, mwambie mwanawe ni mzima na anafanya kazi vizuri. Usimwambie kwamba hatusemeshani.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Wilondja