Kamba ya Nguo Mbele ya Mndimu Wako

Hooyo,

Nakuita vile ulivyokuwa ukiniita wewe, maana kwetu mama na mwana huitana hooyo, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Mndimu wako uko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, mengine usingeyasoma. Ulipokwenda kwa dada kule Modogashe ulikuwa unapiga simu na kabla salamu hazijaisha unauliza kama mti umekunywa. Watoto wangu hukuwauliza.

Ulipotangulia mbele ya haki, mkamwana wako Fatuma alihamisha kamba ya nguo. Unakumbuka uliifunga mbele ya mndimu, upande wa upepo? Nikakuuliza, mbona pale nguo hazikauki upesi. Ukanijibu, "Hooyo, nguo za ndani si bendera." Basi Fatuma akaipeleka langoni. Na kiangazi hiki cha Garissa, unabana shati la tatu, la kwanza limeshakauka.

Wiki ileile mndimu ukaanza kukunja majani. Nikaumwagia maji. Jirani yetu Abdi akasema, "Ongeza." Nikaongeza mpaka mbuzi wake wakaja kunywa pale shinani. Chini tope, juu majani yamelegea kama masikio ya hao mbuzi.

Nikakaa na chai yangu nikatazama. Jua, joto, upepo na hewa kavu vilikuwa vinanyonya maji kwenye mashati kule langoni, na vinayanyonya vilevile kwenye majani, upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Enzi zako nguo mbichi zilikinga upepo, zikatia kivuli, zikaacha unyevu hewani. Wewe ulikuwa unaficha nguo za ndani, mti ukafaidi.

Nikairudisha kamba. Lakini kamba bila nguo mbichi ni uzi tu, kwa hiyo sasa nafua kila siku.

"Hicho kikoi ulikifua jana," Fatuma akasema.

"Kina doa."

"Liko wapi?"

"Limetoka."

Abdi akachungulia juu ya ua. "Siku hizi humo ndani mume ni nani?" Nikamwambia kama ana neno, alete zake. Akaleta. Mablanketi.

Juzi adhuhuri upepo ulivuma vibaya, kila kitu kikakauka, hata mablanketi ya Abdi. Ikabaki shela yako, ambayo nilikuwa sijaifua tangu uondoke kwa sababu ina harufu ya ubani wako. Nilikuwa naiweka sandukuni. Nikikukumbuka sana nafungua kidogo, nanusa, nafunga haraka. Lakini harufu nayo hutoka kama maji, kidogo kidogo, hata sanduku likifungwa.

Nilisimama nayo mbele ya beseni muda mrefu. Majani yalikuwa yananing'inia. Nikajua ungesema nini: "Hooyo, kwani mimi ni kitambaa?"

Nikaitumbukiza.

Jioni majani yakanyooka. Fatuma akapita, akaitambua shela kambani. Hakuuliza doa liko wapi.

Pumzika, hooyo. Kesho nafua mapazia.

Ni mimi, hooyo wako, dobi wa mndimu.